Walezi wa kambo, nguvu mnaitoa wapi? Mwaka wa pili huu na mimi naona naishiwa

#1 MamaWawili_Dom
Wakuu habari. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Nina miaka 38, nina wangu wawili, mzee ni dereva wa malori, barabarani yuko zaidi kuliko nyumbani. Mwaka juzi mwezi wa nane watu wa ustawi wa jamii walituletea mtoto wa kiume, sasa ana miaka saba. Tulimpokea kama watu wa kuaminika, yaani walezi wa dharura, tukaambiwa ni wiki tatu tu ndugu zake watafutwe. Kaja na nguo mbili kwenye rambo na kadi ya kliniki iliyochanika katikati. Wiki tatu zikawa miezi, tukajazishwa fomu za malezi ya kambo, na mpaka leo ndugu hawajapatikana wala hatujaambiwa kwamba hawapo.

Mtoto nampenda jamani, hilo lisiwe mjadala. Ila nimechoka uchovu wa ajabu. Anaficha chakula. Jumamosi nimegeuza godoro lake nianike nikakuta chapati nne zimekauka kama kandambili, tonge la ugali limeota ukungu, na msafara wa sisimizi umetoka pale mpaka dirishani. Na humu ndani hajawahi kulala njaa hata siku moja! Nikakaa chini palepale nikalia, sio hasira, sijui hata ni nini.

Sasa nauliza waliokaa na watoto wa hivi miaka mitatu, minne, kumi. Mnaendeleaje? Nani anawashika mkono? Maana kanisani wananiambia Mungu atakulipa, mama mkwe ananiambia ulijitakia, na afisa ustawi mara ya mwisho kakanyaga hapa ilikua kabla ya Pasaka.

#2 Kipanga wa Ilala
Naweka kiti hapa, nasubiri wazoefu.

#3 Bwana Shoka
Ukweli mchungu: mtoto wa mtu ni wa mtu. Utamlea, utamsomesha, akiota ndevu anaenda kutafuta kwao. Una wawili wako Mungu kakupa, wa tatu wa nini? Kina mama mnapenda sifa halafu mnakuja kulia humu.

#4 Fundi Saa
Mi nina swali dogo. Mtoto kaletwa mwaka juzi, rambo kaitoa wapi wakati zimepigwa marufuku tangu Juni 2019? 😂 Mleta uzi usije ukawa unatunga.

#5 MamaWawili_Dom
@Fundi Saa haya bwana ni ile mifuko mbadala, kwetu mfuko wowote ni rambo. Umeridhika?
@Bwana Shoka sijaomba sifa, nimeuliza swali.

#6 Nyakato wa Ziwani
Pole dada. Mimi nimezaliwa Bukoba vijijini 1986. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchi hii waligundulika kwetu Kagera mwaka 1983, kwahiyo nimekua katikati ya lile balaa lenyewe. Bibi yangu alizika watoto wanne akabaki na wajukuu tisa ndani ya nyumba moja. Hakuna fomu, hakuna afisa, hakuna mtu alimuuliza motisha yako ni nini bibi.

Lakini msidanganyike kwamba alikua na moyo wa chuma. Alikua na kibanja. Ndizi zipo, maharage yapo, na jirani akipika anajua kabisa kuna watoto wawili wa kwa bibi watapita. Sisi tulilelewa na kitongoji kizima, yeye alikua kama msimamizi tu. Wewe dada uko Dodoma mjini, nyumba imezungushiwa ukuta na geti, jirani yako unamjua kwa gari lake. Mi nadhani tatizo ni hapo. Watu wale wale, mioyo ile ile, ila ukoo umekatika.

#7 Chai Kavu
Nyakato umeongea ila tusiwapake rangi bibi zetu jamani. Hata wa kwangu alilea kumi na moja na alichoka kama mleta uzi, tofauti ni kwamba yeye uchovu wake aliumalizia mgongoni kwetu na mwiko wa ugali. Mpaka leo nikisikia mwiko umegonga sufuria nakaa sawa.

#8 Ustawi Mstaafu
Nimefanya kazi hii miaka mingi halmashauri mbili tofauti, nimestaafu, naomba niseme machache.

Kwanza tusichanganye mambo. Mtu wa kuaminika ni wa dharura, mtoto anakaa kwa muda wakati taratibu zinafanyika. Malezi ya kambo ni hatua nyingine, kuna kibali na inatakiwa kuwe na ufuatiliaji. Kuasili ni mahakamani, na mtoto anakua wako moja kwa moja, na kabla ya hapo lazima uwe umeishi naye kwanza kama mlezi kwa muda uliowekwa. Wengi wanaruka hizi hatua kichwani, wanadhani wameshaasili.

Pili, hiyo ya kuficha chakula. Mama, mtoto haibi na wala hakudharau chakula chako. Kuna siku tumbo lake lilijifunza kitu, na tumbo halisahau haraka kama kichwa. Usimpekue mbele ya wenzake. Mpe kopo lenye mfuniko, lake mwenyewe, likae karibu na kitanda, kila jioni mwekee kitu ndani mkiwa wote wawili, akijua kipo hatohitaji godoro. Sio wiki moja, inaweza kuchukua miezi.

Tatu, kuhusu sisi. Nilikua na kata tatu na pikipiki isiyo na mafuta. Sijitetei. Familia iliyokua inafanya vizuri ndio nilikua siitembelei, nikisema hao hawana shida, nikakimbilia kwenye moto. Kumbe nao wanaungua ila hawapigi kelele.

#9 Kipanga wa Ilala
Hii #8 ipigwe gundi juu kabisa. Asante mkuu.

#10 Mpemba Mtembezi
Na hiyo sheria ya mtoto ya 2019 inasemaje kuhusu posho? Mlezi si anatakiwa kulipwa?

#11 Wakili wa Kijiweni
Sheria ya Mtoto ni ya 2009, namba 21. Kanuni za malezi ya kambo ndio zikaja 2012. Na huko kwenu Zanzibar mna ya kwenu, namba 6 ya 2011, yenye mpaka mambo ya kafala, yale malezi ya Kiislamu, ndani. Posho sahau mzee. Kwa huku bara ukichukua mtoto umechukua na tumbo lake.

#12 Mswahili wa Leicester
Salaam kutoka kwenye baridi. Huku Uingereza mimi na mume wangu ni walezi wa kambo mwaka wa sita sasa. Posho ipo, inaingia kila wiki, inategemea umri wa mtoto na eneo unaloishi. Mtoto ana social worker wake, na mimi mlezi nina wa kwangu, kazi yake ni kunikagua lakini pia kuniuliza we mama unalala? Na toka 2014 kuna utaratibu kijana akifika 18 akitaka anaweza kubaki kwako mpaka 21.

Sasa sikilizeni. Pamoja na yote hayo walezi wanaacha kila siku, council zinabandika matangazo mpaka kwenye mabasi kuwatafuta wengine. Mimi mwenyewe nimeandika barua ya kuacha mara mbili nikaichana. Pesa inalipa maziwa, hailipi ile saa nane usiku mtoto anakuita jina la mama yake ukiingia anageukia ukutani. Na kingine ambacho nyie huko hamna, huku kila kitu unaandika. Kaanguka na baiskeli, andika. Kakataa kula, andika. Siku akisema neno baya juu yako, hata la uongo, unachunguzwa kama mhalifu. Nimekaa mwezi mzima nachunguzwa kwa kitu ambacho sikufanya, nikasafishwa, hakuna aliyesema samahani.

#13 Bwana Shoka
Si nilisema? Hata wanaolipwa wanakimbia.

#14 Chai Kavu
@Bwana Shoka we ulisema wa nini, dada wa Leicester kasema ni kugumu. Ni vitu viwili tofauti, soma taratibu.

#15 Mama Kiambu
Hamjambo majirani, niwachangie kutoka Kenya. Sheria yetu mpya ya watoto ni ya 2022, na serikali imeweka mpango wa miaka kumi, 2022 mpaka 2032, wa kuwatoa watoto kwa makao na kuwarudisha kwa familia. Kwa karatasi ni tamu sana. Kwa mtaa, nyinyi walezi ndio mnabaki mnajiuliza sare ya shule itatoka wapi.

Mimi nalea watoto wawili wa marehemu dadangu, napata ile pesa ya serikali ya Inua Jamii ya mayatima, 2,000 za Kenya kwa mwezi, na huwa inakuja ya miezi miwili pamoja ikikumbuka kuja. Nitawaambia ukweli, ile pesa ni kidogo lakini siku inaingia najiskia serikali inajua niko hapa. Kwa hivyo siungi mkono wanaosema pesa si hoja. Pesa ni hoja hata kama ni ya kununua unga pekee. Unajua kuna mtu anakuhesabu.

#16 MamaWawili_Dom
Mama Kiambu umenigusa hapo pa kuhesabiwa. Mimi hata bima ilikua vita. Toto Afya Kadi nilitaka nimkatie, ilikua 50,400 kwa mwaka, nikakuta ilishasitishwa 2023 hata kabla hajaja kwetu. Ofisini kwa mzee wanataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mzee, ambacho hatuwezi kuwa nacho maana hatujamwasili. Mwisho tukaingia CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kaya nzima watu sita, sisi pamoja na yeye tuko watano, tukamuweka.

#17 Fundi Saa
Hapo CHF una bahati. Bro wangu alizungushwa, wakamwambia mtoto hayupo kwenye ubini wako.

#18 Wakili wa Kijiweni
Ndio maana kile kibali cha ustawi unakitoa kopi kumi unatembea nazo. Shule, zahanati, ofisi ya mtendaji. Mtu wa dirishani haelewi sheria, anaelewa muhuri.

#19 Bint Mkunazini
Assalam alaikum. Nami niseme la kwetu. Mlezi wa yatima kaahidiwa kuwa karibu na Mtume peponi kama vidole viwili hivi, sasa mtu ukishika hilo utachoka vipi? Kwetu mtoto wa kafala anabaki na jina la babake, hujidanganyi kuwa umemzaa, kwahiyo hata akirudi kwao huvunjiki moyo. Nahisi nyinyi mnachoka kwa sababu mnataka awe wenu.

#20 MamaWawili_Dom
Waalaikum salaam. Dada, nimeipenda hiyo, ila thawabu haziniamshi saa kumi na moja kufua mashuka. Ni kikojozi pia, sikutaja.

#21 Bint Mkunazini
😂😂 Haya hapo sina aya. Wifi yangu kalea wanne na analia kila Ramadhani jikoni. Nimejibu kama sheikh wakati mi mwenyewe silei.

#22 Chai Kavu
Kikojozi: mtandikie nailoni ile ya mezani chini ya shuka, mtoe haja saa nne kabla hujalala, na asinyweshwe uji usiku.

#23 Kipanga wa Ilala
Kwetu walikua wanamfunga mtoto chura kiunoni.

#24 Chai Kavu
Na ulipona?

#25 Kipanga wa Ilala
Chura alikufa.

#26 Ustawi Mstaafu
Jamani chura aachwe. Miaka saba kukojoa sio ajabu, na kwa mtoto aliyepitia misukosuko ndio kabisa. Usimtangaze. Usimwanikie godoro mbele ya geti watoto wote wa mtaa waone.

#27 Kijana wa Kambo
Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ndio huyo mtoto, miaka 24 sasa. Nilipokelewa nikiwa na miaka tisa na mama mmoja mwalimu, Singida. Niwaambie kutoka upande wa pili.

Mwezi wa nne hivi nilifanya kitu mpaka leo sijui kwa nini. Usiku nilitoka nikafungulia bomba la simtanki, maji yote yakamwagika mpaka tanki likalia. Na maji yalikua yanatoka mara moja kwa wiki. Nilikua nataka kuona ananirudisha lini, bora nijue siku. Asubuhi kaamka kaona ua limelowa, kanitazama, hakunipiga. Kachukua ndoo mbili, moja kanipa. Tulienda bombani kwa watu mbali kule, tukapiga trip kumi na moja. Hakuniongelesha njia nzima, na trip zote kumi na moja na yeye alibeba. Alichelewa kazini siku ile.

Kilichoniuma kwenye ile nyumba ni kitu kimoja, wageni wakija alikua anasema "huyu kaletwa na ustawi". Hakua na nia mbaya. Ila kila mgeni akiondoka nilikua nahesabu nguo zangu.

Mleta uzi unauliza nguvu inatoka wapi, mimi sijui ya kwake ilitoka wapi. Nilimuuliza mwaka jana akasema "wala sikuwa nayo, nilikua nimeshachelewa kukurudisha".

#28 Nyakato wa Ziwani
Nimesoma #27 mara tatu. Trip kumi na moja...

#29 Bwana Shoka
Mkuu #27 heshima. Bado nina msimamo wangu lakini heshima.

#30 Anayepigiwa Beep
Mimi nafikiri mnazunguka. Kinachochosha sio chakula, pesa wala ndugu. Ni kutojua. Nililea mtoto wa kike toka ana miezi mitano mpaka miaka miwili na nusu. Kila nikinunua gauni najiuliza ninunue la kumtosha au la kukulia, maana la kukulia ni kama kuomba asiondoke. Ndugu wakapatikana, shangazi yake, mtu mzuri kabisa, akachukuliwa Alhamisi. Nilipewa siku mbili za kujiandaa.

Sasa hivi ana miaka mitano. Kila Jumapili saa tisa alasiri shangazi ananibipu, nampigia, anampa simu. Mtoto hana cha kuongea, ananitajia walichokula. "Wali. Dagaa. Chungwa." Basi. Nakaa na hiyo wiki nzima. Lakini sijapokea mwingine, ustawi wameniomba mara mbili nimekataa. Kwahiyo dada wa Zanzibar #19 unasema tusitake awe wetu, sawa, ila mtoto mchanga umbebe mgongoni miaka miwili bila kutaka? Nifundishe.

#31 Bint Mkunazini
Sina cha kukufundisha dada yangu. Pole.

#32 Mswahili wa Leicester
#30 huku hilo la kuachana na mtoto wana neno lake na kozi yake, tunapewa cheti kabisa. Haisaidii, ila chai ya pale kwenye kozi inasaidia, maana unakaa na wenzako sita waliotoka kupitia hicho hicho.

#33 Mchezo wa Jumamosi
Hapo pa chai ndio penyewe. Kata yetu (sitataja, tuko Mbeya) tupo walezi saba, tulikutana kwenye semina ya siku mbili tukabadilishana namba. Sasa tuna mchezo wa kupeana elfu tano kila Jumamosi ya pili. Mchezo ni kisingizio tu. Ukikaa pale unaweza kusema "wiki hii nimemchukia huyu mtoto" na hakuna atakayeshtuka wala kukutolea mstari wa Biblia. Nje ya pale siwezi kuyasema hata kwa mume wangu. Na mmoja akizidiwa tunachukua mtoto wake wikiendi apumzike, akalale.

#34 Wakili wa Kijiweni
Safi, ila hapo pa kupeana watoto wikiendi mwe makini. Kibali ni cha familia moja na nyumba moja. Mtoto akivunjika mguu kwa mwenzako utaeleza nini?

#35 Ustawi Mstaafu
Yuko sahihi. Mwambieni afisa wenu, muandikiane, hao wanaopokea wajulikane. Mimi ningeambiwa ningefurahi sana maana ni kazi mnanifanyia. Na kwa yeyote akikwama usiku wa manane na hampati afisa, 116 ni bure, sio ya kuripoti ukatili tu, hata mlezi anaweza kupiga.

#36 Fundi Saa
Ila Mstaafu, tuwe wakweli, kundi la watu saba wamekutana kwa bahati kwenye semina. Mleta uzi yuko peke yake. Unaanzishaje hicho kikundi kama hata orodha ya walezi wa kata huwezi kupewa?

#37 Ustawi Mstaafu
Orodha hutopewa, ni siri za watoto. Muombe afisa awaulize wao kama wako tayari, kisha awakutanishe. Nakubali inategemea afisa.

#38 Fundi Saa
Yaani tumerudi pale pale kwenye pikipiki isiyo na mafuta.

#39 Mama Kiambu
😂 Aki huyu Fundi. Na bwana wa mleta mada anasema aje? Naona tunajadili serikali za nchi tatu na mzee wa nyumba hajaulizwa.

#40 MamaWawili_Dom
Mzee yeye ni fungu jingine. Akirudi safari anakaa siku nne, analeta machungwa na zawadi, mtoto anamganda kama luba, ananiambia "mbona hana shida huyu?" Siku ile natamani nimkabidhi nyumba nikaendeshe lori mimi.

Tena kamfanya Simba. Nyumba nzima sisi Yanga.

#41 Kipanga wa Ilala
Hapo sasa ndio nimeelewa uchovu wako. Pole sana mama.

#42 Chai Kavu
Mtoto kapitia mengi bado mnamuongezea Simba.

#43 Bwana Shoka
Huyo mtoto ana akili, nabadilisha msimamo, mleeni.

#44 Anayepigiwa Beep
MamaWawili, uko Dodoma upande gani? Nami niko Dom. Nicheki PM. Sipokei mtoto, nimesema, ila kukaa na wewe Jumamosi naweza.

#45 MamaWawili_Dom
Nimekutumia.

Mrejesho wa kwanza: nimempigia afisa leo, nilikua nimejiandaa kugomba, kapokea akasema "mama samahani, nilijua nyie mko vizuri". Vile vile kama #8 alivyoandika, nikabaki nacheka mwenyewe. Kasema anakuja wiki ijayo na faili la ndugu. Tutaona.

Na kopo nimenunua, lile la plastiki la mfuniko mwekundu. Jana usiku tumeweka chapati mbili, kahesabu mwenyewe kwa sauti, kafunga, kalala mkono juu ya mfuniko. Asubuhi nimefungua nimekuta tatu. Usiku kaamka kaenda kwenye hotpoti.

#46 Kijana wa Kambo
Ya tatu msimuulize.

#47 Kipanga wa Ilala
Simba huyo. Kafunga goli la usiku.